Somo la Ushirika: Kulinda Simu na Kompyuta ya Chama



Vyama vyetu vya ushirika vilianzishwa ili jasho la mkulima lisipotee njiani kati ya shamba na soko. Mkulima alijifunza kusoma mizani kwa sababu alichoka kupunjwa. Alijifunza pia kutunza stakabadhi, maana stakabadhi iliyopotea ilikuwa sawa na gunia lililopotea. Mambo hayo mawili bado ni ya lazima, lakini hayatoshi tena peke yake.

Siku hizi kumbukumbu za vyama huingizwa katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katika misimu ya karibuni mbaazi za mkoa wetu zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani na kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Tangu msimu wa 2022/2023 mbolea ya ruzuku imegawiwa kwa mkulima aliyesajiliwa katika mfumo wa kompyuta na kupewa namba yake. Malipo nayo hupitia benki au simu ya mkononi. Kwa hiyo mlanguzi wa leo hana haja ya kuja ghalani na mizani mbovu. Aweza kukaa mbali, asiyejulikana sura wala kabila, akauchukua msimu mzima kwa simu moja.

Somo hili lina sehemu tano. Lisomwe katika kikao cha bodi, kisha lielezwe kwa wanachama katika mkutano, hata kwa wale wasiojua kusoma. Mwishoni yapo maswali ya majadiliano.

1. Funguo za chama

Makatibu wa siku nyingi wanakumbuka sefu ya chama yenye funguo mbili. Mmoja ulikaa kwa katibu na mwingine kwa mweka hazina, na hakuna aliyeweza kuifungua peke yake. Desturi hiyo haikuwa dharau kwa katibu. Ilimlinda dhidi ya mwizi, na ilimlinda pia dhidi ya kushukiwa bure.

Neno la siri la kompyuta na namba ya siri ya simu ni funguo za namna ile ile. Basi tuzitunze kwa kanuni zilezile:

(a) Kila mtu awe na neno lake. Neno moja likitumiwa na katibu, karani na kijana wa kazi za muda, hapo fedha zikipotea hakuna awezaye kujua ni nani aliyeingia.

(b) Neno liwe refu. Jina la chama na mwaka wa kuandikishwa kwake ni jambo linalojulikana na kijiji kizima, na mwaka wa kuzaliwa kwa katibu hali kadhalika. Ni afadhali kuunganisha maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo wewe utayakumbuka lakini mwingine hawezi kuyabuni.

(c) Mlango mmoja, ufunguo mmoja. Neno la barua pepe lisiwe ndilo la benki. Mwizi akipata moja hulijaribu katika milango yote.

(d) Usilibandike ukutani wala chini ya kibodi. Ikibidi kuliandika, liandikwe katika daftari lifungwalo ndani ya sefu.

(e) Malipo ya chama kwa mtandao yawe na watu wawili: mmoja aandae, mwingine aidhinishe. Benki hutoa utaratibu huu kwa wateja walio vikundi. Chama ambacho hakijauomba na kiuombe.

Kwa mwanachama mmoja mmoja, namba ya siri ya pesa za simu ni tarakimu nne tu, na kinga yake ni kuificha. Wazee wetu wengi humpa wakala au kijana wa jirani simu pamoja na namba ili awatolee pesa. Vijana wengi ni waaminifu; walakini uaminifu si sababu ya kumpa mtu majaribu. Mzee na afundishwe kubonyeza tarakimu zake nne mwenyewe, kama alivyofundishwa kusoma mizani.

2. Simu na ujumbe wa hila

Tuchukue mfano wa chama tutakachokiita Chama X. Mbaazi zimekwisha kuuzwa na wanachama wanangoja malipo. Siku ya mnada simu ya katibu inalia: "Shikamoo, Katibu. Napiga kutoka makao makuu ya benki. Malipo ya wakulima wako yamekwama. Zipo namba sita zimeingia sasa hivi katika simu yako. Nisomee upesi niyafungue kabla ofisi haijafungwa."

Katibu anaona kweli namba sita zimeingia. Wanachama wamekaa nje wakimtazama. Anazisoma, na baada ya muda mfupi akaunti ni tupu.

Tuchunguze kilichotendeka. Namba zile zilitumwa na benki yenyewe, kwa sababu wakati huo huo mpigaji alikuwa akijaribu kuingia katika akaunti kwa jina la katibu. Neno la siri alikuwa nalo tayari, maana lilikuwa lile lile la barua pepe lililokwisha kuibiwa. Kilichobaki kilikuwa ule ufunguo wa pili, ambao benki huutuma kwa simu ya mwenyewe tu. Katibu aliutoa kwa mkono wake. Tena, kama pangekuwa na mtu wa pili wa kuidhinisha, fedha zisingetoka.

Kanuni ni hii: namba iliyotumwa kwako ni yako peke yako. Hakuna mtumishi wa kweli wa benki, wa kampuni ya simu au wa serikali mwenye haja ya kuisikia. Jibu sahihi ni fupi: "Asante, nitapiga benki mimi mwenyewe." Kisha kata, na upige namba iliyo katika barua za benki. Usiipigie namba iliyokupigia.

Hila nyingine zinazozunguka ni hizi:

"Ile hela itume kwenye namba hii." Ujumbe huu hutumwa kwa watu wengi kwa kubahatisha. Miongoni mwao hakosekani mtu anayedaiwa kweli, naye hutuma akidhani ni mdai wake. Mpigie kwanza mtu unayemdai au anayekudai, kwa namba yake ya zamani.

"Nimekosea kutuma, nirudishie." Ujumbe wa kughushi hueleza kwamba umepokea fedha. Usiusadiki ujumbe; tazama salio lako. Hata kama fedha zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea awasiliane na kampuni yake ya simu, ambayo ina utaratibu wa kurejesha muamala.

"Mwanao ni mgonjwa shuleni, tuma fedha za matibabu." Mzazi wa Hanang mwenye mtoto katika bweni la mbali hushikwa na hofu, akatuma kabla ya kufikiri. Mpigie kwanza mwalimu kwa namba uliyopewa na shule.

"Tumebadilisha akaunti yetu ya benki." Hila hii yawahusu makatibu. Chama kimeagiza magunia, na ghafula yaja barua pepe yenye nembo ya muuzaji ikitaja akaunti mpya. Nembo hunakiliwa kwa urahisi. Usilipe kabla ya kuzungumza na muuzaji kwa namba iliyomo katika jalada la zamani, na uandike katika jalada ni nani mliyezungumza naye na tarehe gani.

Hila zote hizi zina silaha tatu: haraka, hofu na tamaa. Ukiona ujumbe unakuharakisha, unakutisha, au unakuahidi mali usiyoitolea jasho, simama.

Msaada upo. Huduma kwa wateja wa kampuni za simu hupatikana kwa namba 100. Ujumbe wa kitapeli upelekwe namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, nawe ufuate maelekezo. Piga pia *106# uone ni namba zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa. Ukikuta namba usiyoijua, kampuni yake iombwe kuifunga. Na mtu anayekuandikisha laini akikuambia uweke kidole mara ya pili na ya tatu, muulize sababu kabla ya kuweka.

3. Afya ya kompyuta ya chama

Virusi vya kompyuta ni programu mbovu iliyotungwa na mtu kwa makusudi ya kuiba, kuharibu au kufunga majalada. Kwetu sisi, njia yake kubwa ni flashi. Katibu huipeleka mjini kuchapisha taarifa, huichomeka katika mashine ambayo watu wengi wamechomeka zao, kisha huirudisha ofisini. Ni sawa na kumpeleka ng'ombe kwenye josho lenye wagonjwa na kumrudisha zizini bila kumchunguza. Weka flashi moja kwa safari za mjini tu, na uipime kwa programu ya kukinga virusi kabla ya kuifungua.

Njia ya pili ni programu za wizi, zile ziuzwazo kwa bei ya soda. Aliyevunja kufuli ya programu ili akuuzie, hujui ameacha nini ndani.

Jambo la tatu ni kusasisha programu. Mnamo tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilianza kuenea, kikafika zaidi ya nchi 150. Kilifunga majalada na kudai fidia, na huko Uingereza hospitali nyingi zilivurugika. Jambo la kusikitisha ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa ule tangu Machi mwaka huo huo. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuitumia. Kompyuta ikikuomba kusasisha, usiahirishe mwezi hata mwezi. Vyama vyenye Windows 10 vikumbuke kuwa huduma yake ya kawaida bila malipo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Bodi na izungumze na mtaalamu wa TEHAMA wa Halmashauri.

4. Nakala za akiba na siri za wanachama

Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Uhai hauna nakala, nasi tungali tunawakumbuka ndugu zetu. Lakini walio hai hubaki na haki zao: hisa, akiba, magunia yaliyopokewa ghalani. Haki hizo hutambuliwa kwa rejista. Rejista ikizikwa, mjane ataithibitishaje hisa ya marehemu mumewe?

Kwa sababu hiyo kumbukumbu ziwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika flashi au diski ifungwayo ndani ya sefu, na moja mbali na ofisi, mathalani katika Chama Kikuu. Nakala iliyo katika mtoto wa meza ulio chini ya kompyuta si akiba, kwa kuwa moto mmoja utaviunguza vyote. Zifanywe kila Ijumaa, na wakati wa ununuzi wa mazao kila jioni. Tena mara moja kwa mwezi ifunguliwe nakala mojawapo kuona kama inasomeka.

Rejista hiyo ina majina, namba za vitambulisho, namba za simu na akaunti za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na azitumie kwa kusudi lililokusanyiwa. Kuipiga picha orodha ya malipo na kuitupa katika kundi la WhatsApp ni kosa. Ni kumpa tapeli jina la mkulima, simu yake na kiasi alicholipwa. Kila mmoja aelezwe malipo yake kwa faragha.

5. Hatari ikitokea

Chukua hatua bila kukawia, kwa mpango huu:

Kwanza, pigia benki au kampuni ya simu mwamala uzuiwe. Kila dakika ina thamani.

Pili, badilisha maneno ya siri kwa kutumia mashine nyingine iliyo salama.

Tatu, usifute ujumbe wala barua pepe. Huo ni ushahidi.

Nne, toa taarifa polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayatambua makosa ya kuingia katika mfumo bila ruhusa na ya ulaghai kwa njia ya kompyuta.

Tano, mwarifu Mwenyekiti siku hiyo hiyo, na jambo liandikwe katika muhtasari wa bodi.

Hatua ya tano ndiyo ngumu kuliko zote. Katibu aliyetapeliwa huona haya, akajaribu kuziba pengo kimya kimya, na hapo hasara ya siku moja hugeuka kuwa kesi ya miaka. Wazee walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Bodi nazo zisimkemee mtu aliyesema kweli mapema, la sivyo wa pili hatasema.

Maswali ya majadiliano

1. Ni watu wangapi wanaolijua neno la siri la chama chetu? Je, tumelibadilisha tangu mtumishi wa mwisho alipoondoka?

2. Kompyuta ya ofisi ikiibiwa usiku wa leo, kesho tutawalipaje wanachama?

3. Katika mfano wa Chama X, ni mahali gani pa kwanza ambapo wizi ungeweza kuzuiwa?

4. Ni nani kijijini atakayewafundisha wazee kutumia namba zao za siri wenyewe, na lini?

Kazi ya kufanya: kabla ya mkutano ujao, katibu aandike orodha ya funguo zote za chama, za chuma na za kompyuta, na jina la mwenye kuushika kila mmoja. Orodha itaje wenye funguo tu. Maneno ya siri yenyewe yasiandikwe humo. Bodi iisome na kuitia sahihi.