Mwanafunzi na Uamuzi wa Kusomea Uhandisi

Utangulizi

Kila mwaka wahitimu wa Kidato cha Sita hujaza maombi ya kuingia vyuo vikuu. Wengi huamini kuwa hiyo ndiyo siku ya uamuzi, ambapo kijana huchagua kuwa mwalimu, daktari, mwanasheria au mhandisi. Kwa upande wa uhandisi, imani hiyo si sahihi. Siku ya kujaza maombi inapofika, uamuzi mkubwa zaidi huwa umekwisha kupita, pengine miaka minne nyuma, na aghalabu mwenyewe hakutambua kuwa alikuwa akiamua.

Sababu yake ni mfululizo wa masomo. Kozi za uhandisi humtaka mwanafunzi awe amesoma Fizikia na Hisabati katika Kidato cha Tano na cha Sita. Ili kuingia mchepuo huo, hana budi kufaulu masomo hayo katika Kidato cha Nne. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyemaliza Kidato cha Pili aliweza kuiacha Fizikia. Kijana aliyeiacha hakusema kwamba hataki uhandisi. Alisema tu kuwa somo ni gumu. Hata hivyo, mlango ulikuwa umefungwa.

Hisabati, ambayo ilikuwa somo la lazima hadi Kidato cha Nne, ilifunga mlango kwa njia nyingine. Katika mitihani ya Kidato cha Nne ya miaka ya 2019 hadi 2022, waliofaulu somo hilo walikuwa takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano. Kwa hiyo, anayeuliza ni nini humvuta mwanafunzi kwenye uhandisi yampasa aulize pia ni nini humfukuza kwenye Hisabati na Fizikia.

Mhandisi ni nani?

Mtu hawezi kuchagua kazi asiyoifahamu. Neno uhandisi limetokana na neno la Kiarabu handasa, ambalo maana yake ni jiometria na pia uhandisi. Asili yake ya mbali ni neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Jina lenyewe basi laeleza kazi: mhandisi hupima na kukokotoa kabla ya kitu kujengwa. Fundi hukijenga na kukitengeneza kwa ustadi wa mikono. Wote wawili wanahitajika, ila jamii mara nyingi huwachanganya.

Uchanganyaji huo una chanzo chake. Kazi ya fundi huonekana, na kazi ya mhandisi hufichika. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, wasafiri waliokuwa wakitegemea kivuko waliona nguzo na barabara. Hawakuona hesabu za uzito wa magari, kasi ya mafuriko, na kina cha udongo ambao ungeweza kuzibeba nguzo hizo. Mwanafunzi anayetazama daraja bila kuelezwa hayo hawezi kujua kuwa ndani yake mna kazi ambayo naye angeweza kuifanya.

Picha iliyomo akilini huanza mapema. Mwaka 1983 mtafiti David Wade Chambers alitangaza matokeo ya jaribio ambalo watoto 4,807, wengi wao wa Canada na Marekani, waliombwa kuchora mwanasayansi. Michoro 28 tu ilionyesha mwanamke, na yote ilichorwa na wasichana. Jaribio hilo lilihusu wanasayansi, na lilifanyika mbali na Afrika Mashariki. Hata hivyo linatoa funzo linalohusu kazi yoyote: mtoto huchora anachokiona au anachosimuliwa, na ni vigumu kwake kujiweka katika picha ambayo haina mtu kama yeye.

Imani ya mwanafunzi katika uwezo wake

Mwaka 1977 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza kuwa mtu hujaribu jambo na kudumu nalo kwa kadiri anavyoamini kuwa analiweza. Mwaka 1994 Robert Lent, Steven Brown na Gail Hackett walilipeleka wazo hilo katika uchaguzi wa kazi. Walieleza kuwa shauku ya kazi huota mahali ambapo mtu anaamini mambo mawili: kwamba anaiweza, na kwamba itampa matokeo anayoyathamini.

Kwa mujibu wa Bandura, imani ya uwezo ina chemchemi nne, na zote zinapatikana darasani:

(a) Mafanikio ya mwenyewe. Mwanafunzi aliyeunganisha waya, betri na balbu kwa mikono yake hadi taa ikawaka hupata ushahidi usioweza kupatikana kwa kunakili maelezo ubaoni.

(b) Mfano wa wengine. Akimwona mtu wa kijiji chake, au msichana wa shule yake, amekuwa mhandisi, huanza kujihesabu miongoni mwa wanaoweza.

(c) Maneno ya watu anaowaheshimu. Mwalimu anayesema kuwa Fizikia ni ya wenye vipaji peke yao huwaondoa wengi kabla hawajajaribu.

(d) Hali ya moyo na mwili. Anayetetemeka kila kipindi cha Hisabati kwa kuogopa kuchekwa au kuadhibiwa huisoma hofu yake kama dalili ya kutoweza.

Yafaa ikumbukwe kuwa imani si badala ya maarifa. Sifa tupu hazimfundishi mtu milinganyo. Kinachojenga imani ya kweli ni kazi inayompa mwanafunzi ugumu kidogo zaidi ya aliouzoea, kisha akaishinda.

Nyumbani, fedha na jinsia

Mzazi humshauri mtoto kwa yale anayoyajua. Katika sehemu nyingi wazazi wanamjua mwalimu, mganga na karani, lakini hawajapata kukutana na mhandisi. Hali hiyo ina historia. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyetaka shahada ya uhandisi alilazimika kwenda Nairobi au ng'ambo. Wahandisi wazalendo walikuwa wachache, na wachache hao walikaa mijini.

Mzazi huuliza pia juu ya gharama na ajira. Maswali hayo ni ya haki, na hayafai kujibiwa kwa ahadi kubwa. Mwanafunzi aelezwe ukweli: masomo ni marefu, na mhitimu hupaswa kufanya kazi chini ya uangalizi wa wenye uzoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Aelezwe pia kuwa maji, umeme, barabara, viwanda na mawasiliano vyote vinahitaji elimu hiyo.

Kwa wasichana mzigo huwa mzito zaidi. Msichana anayerudi nyumbani kuchota maji na kupika anabaki na saa chache za kujisomea kuliko kaka yake, kisha alama zake ndogo huchukuliwa kuwa ushahidi wa akili ndogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewahi kuendesha mafunzo maalumu ya maandalizi kwa wasichana ambao alama zao zilipungua kidogo, ili waweze kuingia masomo ya sayansi na uhandisi. Hatua hiyo ilikiri kwamba alama za mtihani hubeba pia mazingira ya mtahiniwa.

Kazi ya mwalimu

Mwalimu hawezi kubadili kipato cha mzazi, lakini anaweza kubadili maana ya somo. Chukua mfano wa kanuni ya nishati ya kitu kilicho juu. Meta moja ya ujazo ya maji ina uzani wa kilo 1,000. Ikianguka meta 10 kila sekunde, hutoa juli 1,000 × 9.8 × 10, yaani juli 98,000 kwa sekunde. Hizo ni kilowati 98, kabla ya kutoa zile zinazopotea katika mitambo. Hesabu hiyo hiyo, kwa maji mengi zaidi na kimo kikubwa zaidi, ndiyo msingi wa kituo cha Kidatu, ambacho mitambo yake ilijengwa kuzalisha megawati 204. Mwanafunzi aliyeikokotoa mwenyewe amekwisha kufanya, kwa udogo wake, kazi ya mhandisi.

Jambo la muhimu ni kwamba somo kama hilo litolewe mapema, katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, kabla mwanafunzi hajajihukumu. Ushauri wa kazi unaotolewa Kidato cha Sita huwafikia wale tu ambao mlango wao ungali wazi.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti kati ya kazi ya fundi na ya mhandisi katika ujenzi wa kisima cha kijiji.
2. Maji ya meta 3 za ujazo huanguka meta 20 kila sekunde. Kokotoa kilowati zinazoweza kupatikana, bila kuhesabu upotevu.
3. Kila mwanafunzi achore mhandisi akiwa kazini. Darasa lihesabu ni michoro mingapi inaonyesha mwanamke, kisha lijadili sababu.
4. Ni lini hasa mwanafunzi wa shule yenu huamua kuendelea na Fizikia au kuiacha, na ni nani humsaidia kuamua?