Kona ya Dada: Pikapu Tupu Ndiyo Inayoteleza

Leo maswali ya wachumba na mawifi yapumzike kidogo. Mdogo wetu mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, anayesambaza saruji na mabati katika vijiji vya upande wa Kisesa na Magu, ameleta swali ambalo mvua zikishaanza linakuwa la watu wengi huku kwetu. Ana Hilux ya zamani, ile inayosukumwa na matairi ya nyuma tu. Ameandika hivi: "Dada shikamoo. Nikienda na mzigo napanda vilima vyote. Nikirudi mtupu matairi yanazunguka palepale, nyuma inakwenda pembeni, na vijana wa bodaboda wananicheka. Fundi mmoja anataka anichomelee difu, mwingine anataka nivishe matairi mapana. Nimfuate yupi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa sasa usimfuate yeyote. Hela yako iache ilipo mpaka tumalize kuongea, maana swali lako limekuja na jibu lake. Ukiwa na mzigo unapanda, ukiwa mtupu unateleza. Gari ni lile lile na matairi ni yale yale. Kilichopungua ni uzito juu ya ekseli ya nyuma.

Itazame pikapu yako ilivyokaa. Injini iko mbele, giaboksi mbele, betri mbele, wewe na utingo wako mmekaa huko huko mbele. Nyuma kuna bodi la bati na hewa. Tairi hushika ardhi kadiri linavyokandamizwa, kwa hiyo tairi lisilo na kitu juu yake ukilipa nguvu litazunguka tu. Hilux ya kwanza ilipotoka mwaka 1968 ilikuwa gari la kubeba mzigo, na springi za nyuma ziliwekwa ngumu kwa kazi hiyo. Ile inayovuta kwa matairi yote manne ilikuja baadaye, mwaka 1979. Stout, Datsun, Peugeot 504 ya bodi, zote ni ukoo mmoja: zikishiba zinatulia, zikiwa na njaa zinarukaruka.

Basi anza na mchanga. Chukua mifuko ya saruji iliyokwisha, wewe unayo mingi, iingize ndani ya salfeti ili isipasuke, ujaze mchanga mkavu na kuifunga. Mfuko mmoja unafika kilo 50 na kitu. Mitatu inatosha kuanzia, na ukifika minne usiendelee. Ilaze juu ya ekseli hasa, au mbele yake kidogo upande wa kabini. Kuna watu wanaoisukuma mpaka kwenye mlango wa bodi wakidhani ndiyo nyuma zaidi, na hapo wanajiharibia: uzito ukipita ekseli unainua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapungua kazi. Ifunge kwa kamba. Siku ya kupakia saruji shusha mchanga, usije ukabeba vyote viwili na kuvunja springi.

Mwanza mawe tumejaliwa, najua, na yako bure. Hayo usipakie. Jiwe likiwa huru kwenye bodi, siku utakayofunga breki ghafla litakuja kukugongea kabini. Tena mchanga una faida ambayo jiwe halina: ukikwama unafungua mfuko mmoja na kumwaga mbele ya tairi.

Sasa upepo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wenye pikapu za mizigo wanapokosea bila kujua. Asubuhi unapakia, fundi pancha anakujazia matairi ya nyuma mpaka psi 50 au zaidi, na ni sawa, mzigo unataka. Mchana umeshusha. Nani amepunguza upepo? Hakuna. Unarudi na tairi gumu kama lilivyotoka asubuhi, gari tupu juu yake, na kinachogusa barabara ni mstari mwembamba wa katikati. Nenda kaangalie matairi yako ya nyuma sasa hivi. Kama meno ya katikati yamekwisha na ya pembeni bado yapo, basi umekuwa ukiendesha hivyo kwa muda mrefu.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva mara nyingi kuna kibandiko chenye kipimo cha upepo, cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Kama kimeshafutika, anza na 30 hivi kwa matairi ya nyuma gari likiwa tupu, kisha angalia tairi linavyolala chini. Nunua geji yako mwenyewe, usitegemee kupiga tairi teke. Ukifika kwenye mchanga mlaini, ule wa luseni, unaweza kushuka mpaka 20 na gari likaelea pale ulipokuwa ukichimba, kwa sababu tairi linalala na kukanyaga sehemu ndefu zaidi. Chini ya hapo usishuke, maana kwenye kona tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na kabla ya kurudi kwenye lami ya barabara ya Musoma, jaza tena. Tairi lenye upepo mdogo kwenye lami, kwa mwendo, hupata joto mpaka likapasuka. Kwa hiyo kama huna pampu ndani ya gari, usipunguze kabisa.

Tukiwa kwenye matairi: yale ya mtumba yenye meno mazuri yasikudanganye. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 3512 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2012. Mpira wa umri huo umekauka, na mpira mkavu haushiki hata ukiwa na meno ya mamba. Matairi mapana ya fundi wako nayo hapana. Kwenye tope jembamba lililo juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba hukata tope na kufika chini, lile pana linaelea juu yake kama ndala. Vaa saizi ya kiwandani, yenye meno makubwa yaliyoachana ili tope litoke, na yote mawili ya nyuma yalingane.

Jambo jingine ambalo mafundi watanikasirikia kwa kulisema. Karibu kila pikapu ya mizigo niionayo imeongezewa bapa kwenye springi ili ibebe zaidi. Ikiwa na tani moja iko sawa. Ikiwa tupu, springi hizo hazikunjiki kabisa, na kila shimo linalirusha tairi hewani. Tairi lililoko hewani halisukumi gari. Na kwenye Hilux nyingi kuna vali ya breki ya nyuma inayosoma urefu wa bodi kutoka kwenye ekseli. Bodi likiinuliwa, vali inadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma hata siku umebeba. Kama umeongeza bapa, mwambie fundi airekebishe hiyo vali. Shokapu za nyuma zilizokufa zinaleta ugonjwa ule ule wa kurukaruka, na bei yake ni ndogo kuliko ya difu.

Haya, difu. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa matairi mawili, na kipimo chake ni yule aliye dhaifu. Ni kama watu wawili waliobeba kitanda: mmoja akilegeza mikono, misuli ya mwenzake haina kazi. Ndiyo maana unaona tairi moja linazunguka kwenye utelezi na la pili limesimama kwenye nchi kavu likitazama. Akichomelea, matairi yote mawili yatazunguka pamoja, kweli, na utapanda. Lakini kwenye lami, kila kona, tairi la nje linataka kwenda mbali kuliko la ndani na difu haikubali. Matairi yatalika, ekseli itapata tabu mpaka ikatike, na siku ya mvua gari halitataka kukunja kona. Wewe unaishi nusu lami nusu vumbi. Usichomelee.

Kabla ya kununua chochote, pima difu uliyonayo. Weka vigingi imara kwenye matairi ya mbele, inua nyuma yote kwa jeki na uisimamishe juu ya stendi, gia iwe huru na hendibreki umeachia. Zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, ni difu ya kawaida. Likizunguka upande ule ule, una difu inayojibana yenyewe, na pengine imepoteza nguvu kwa kuwekewa oili isiyo yake. Ukitaka kubadilisha, tafuta ya aina hiyo iliyotoka kwenye gari kama lako.

Hata bila hiyo, kuna ujanja wa bure. Tairi moja linapozunguka, vuta hendibreki kidogo, meno mawili matatu tu, huku ukikanyaga mafuta taratibu. Breki inalibana lile linalozunguka, na nguvu inahamia kwa mwenzake. Ukishatoka achia mara moja, maana ukiendelea nayo breki zinaungua. Hakikisha kwanza hendibreki yako inashika matairi yote mawili ya nyuma. Nyingi za magari ya umri huu zinashika moja, au hazishiki chochote.

Na mguu wako, mdogo wangu. Anza na gia ya pili, achia klachi polepole, moto usiwe mwingi. Sauti ya injini inapopanda na gari halisogei, unachimba shimo lako mwenyewe. Kupanda kilima si ugomvi mkubwa kwa pikapu, kwa kuwa uzito unarudi nyuma. Mimi naogopa kushuka. Kwenye mteremko uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi kabisa, na ukiingiza gia ndogo kwa kishindo, matairi ya nyuma peke yake yanashikwa na injini yanateleza, na gari linageuka. Ingiza gia ukiwa juu bado, kabla hujaanza kushuka, klachi uiachie kwa adabu. Changarawe kavu za milima yetu ya mawe zinafanya vivyo hivyo hata bila mvua.

Yote hayo ni ya kuteleza. Kuzama ni habari nyingine. Ukifika kwenye mbuga, udongo ule mweusi ambao kiangazi unapasuka na masika unavimba, mchanga wako unageuka adui: uzito unakushusha mpaka ekseli inalala. Meno ya tairi yanajaa udongo na tairi linakuwa laini kama chungu. Hapo hakuna fundi wala ujanja. Simama kabla ya kuingia, shuka, tembea njia kwa miguu na kijiti mkononi, muulize aliyetoka upande wa pili. Kama kijiti kinazama bila kusukumwa, mteja wako atapata saruji keshokutwa. Minyororo ya tairi inasaidia kidogo, ukiipata, lakini ivue kabla ya lami. Chepe na mbao mbili viwe kwenye gari wakati wote, na mtu asisimame nyuma ya tairi unapojaribu kutoka. Mbao hurushwa kama mshale.

Sasa mpango wa hela yako uwe hivi: geji na pampu kwanza, mchanga wa bure, kisha shokapu, kisha matairi mawili mapya ya nyuma ya saizi yake. Difu iwe mwisho kabisa, na nadhani hutafika huko.

Nimebakiza mama mmoja wa Kishiri aliyeuliza kama wanawe wanaweza kukaa nyuma kwenye bodi siku za mvua ili kuongeza uzito. Hapana, mama. Watoto wapande daladala, nyuma pakia mchanga.