Mawe ya Chuma na Mafuta Yatokanayo na Makaa

Shule yetu i kando ya barabara ya Morogoro, na mchana na usiku twaona malori yakipeleka bara mafuta yaliyoletwa kwa meli. Wenzangu huuliza: je, nchi yenye makaa ya mawe lazima inunue mafuta yote ng'ambo? Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze.

Makaa na petroli ni ndugu, vyote vina kaboni na haidrojeni. Katika petroli kila atomu ya kaboni ina haidrojeni kama mbili. Katika makaa hata moja haitimii. Basi kazi yote ni kuyaongezea makaa haidrojeni. Mwaka 1913 Mjerumani Friedrich Bergius aliipata njia: makaa yaliyosagwa hukorogwa na mafuta mazito, kisha hutiwa haidrojeni kwa joto la nyuzi 400 na zaidi, na kwa shinikizo lipitalo mara 200 lile la hewa tuvutayo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1931.

Lakini bila kichocheo mambo huenda polepole. Mwakumbuka ule unga mweusi wa manganizi dayoksaidi tuutiao katika haidrojeni peroksaidi: maji hufoka mara moja, nao unga ukichujwa na kukaushwa, uzito wake ni ule ule. Chuma hufanya kazi ya namna hiyo. Jiwe la chuma, ambalo ni jamaa ya kutu na ya wekundu wa udongo wa vilima vya Kisarawe (msiende na majembe, chuma cha humo ni haba!), likisagwa na kutiwa salfa hugeuka chuma-salfa, nayo husaidia haidrojeni kushikana na vipande vya makaa yaliyovunjika. Makaa mengine huchimbwa yakiwa nayo ndani, yakajisaidia yenyewe. Molibdeni ina nguvu zaidi, ila ni ghali. Chuma hutupwa pamoja na majivu wala hapana ajutaye.

Njia ya pili ni ya Fischer na Tropsch: makaa hugeuzwa gesi kwanza, na gesi hupitishwa juu ya chuma. Sasolburg, Afrika Kusini, waliianza mwaka 1955, na magnetiti iliyotiwa potasi kidogo imetumika huko.

Kwetu, wilaya ya Ludewa ina vyote viwili: makaa ya Mchuchuma, yakadiriwayo tani milioni 428, na magnetiti ya Liganga yenye titani na vanadi. Titani huwasumbua wayeyushaji wa chuma. Kwa kichocheo, ni jambo la kupimwa.

Kwa maoni yangu, chuma si shida. Haidrojeni, maji na mitambo ndivyo vilavyo fedha, na kaboni dayoksaidi itokayo ni nyingi kuliko ya mafuta ya kuchimbwa. Ujerumani ilifanya hivyo kwa sababu ya vita, na Afrika Kusini kwa sababu haikuwa na visima. Hata hivyo, kupima hakuhitaji kiwanda. Ningependa jiwe dogo la Liganga liletwe katika maabara yetu. Magnetiti hunaswa na sumaku, na hilo hata Kidato cha Kwanza waweza kulijaribu.