SOMO LETU: Programu Huria Zinavyoweza Kusaidia Mradi wa Maji

Vikundi vingi hufanya harambee, hununua mabomba na kuchimba mtaro kwa jasho lao wenyewe. Siku ya kufungua maji ni vigelegele. Baada ya muda, walio karibu na tangi wanamwagilia sukuma wiki, na walio mwisho wa bomba wana mitungi mitupu. Hapo maneno yanaanza: "Kamati imekula pesa!" Pengine hakuna aliyekula. Bomba lilichaguliwa bila hesabu. Leo tujifunze jinsi ya kupata hesabu hiyo bila gharama kubwa.

Programu huria ni nini?

Tuseme mama mmoja anakupa mandazi bure, na pia anakufundisha jinsi ya kuyapika. Unaweza kupika, kubadilisha na kumfundisha jirani. Programu huria ni hivyo hivyo. Ni programu ya kompyuta au simu ambayo hailipiwi leseni, na wataalamu wanaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Tutataja tatu:

1. ODK ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Ni ya kujaza fomu kwa simu. Unaandika habari za kisima au mfereji hata pasipo mtandao, kisha unazituma ukifika penye mtandao.

2. QGIS ilianza mwaka 2002. Ni ya kuchora ramani: chemchemi iko wapi, bomba linapita wapi, nyumba ni ngapi.

3. EPANET ilitolewa mwaka 1993 na shirika la serikali ya Marekani la kuhifadhi mazingira. Inapiga hesabu ya maji ndani ya mabomba: yatafika wapi, na kwa presha gani.

Mambo ambayo EPANET inapima

Kila mita 10 za mteremko zinatoa presha ya karibu bar 1. Lakini maji yakitembea, yanasuguana na bomba na presha inapungua. Mkipitisha maji yale yale katika bomba la inchi 1 badala ya inchi 2, presha inayopotea inakuwa karibu mara 30! Basi kuokoa pesa kwa bomba jembamba kunaweza kuwanyima maji watu wa mwisho. Afadhali kosa hilo lionekane kwenye kompyuta kabla ya mtaro kuchimbwa.

Kazi ya kikundi

Kompyuta haijui bonde lenu. Mkiipa vipimo vya uongo, itawajibu uongo. Kwa hivyo:

- *Pimeni chemchemi.* Wekeni mtungi wa lita 20 na mhesabu sekunde. Ukijaa kwa sekunde 40, mnapata lita 30 kwa dakika, yaani lita 43,200 kwa siku. Kwa nyumba 120 zenye watu 6 kila moja, ni lita 60 kwa mtu. Pimeni tena wakati wa kiangazi. Ukijaa kwa sekunde 100, kila mtu anabaki na lita 24 tu. Pangeni mradi kwa kipimo cha kiangazi, si cha masika.

- *Pimeni miinuko vizuri.* Simu inaweza kukosea mita 10 au zaidi kwa urefu, na hiyo ni bar nzima ya presha. Mwiteni mpima.

- *Tafuteni mwenye ujuzi.* Programu ni ya bure, lakini kuitumia kunahitaji mafunzo. Ulizeni ofisi ya maji ya kaunti au kijana aliyesomea uhandisi. Ombeni mbaki na nakala ya kazi yake, ili siku mkiongeza bomba msianze upya.

- *Fuateni sheria.* Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Jiungeni na chama cha mto wenu, na mfuate utaratibu wa kibali kabla ya kuchota. Kumbukeni, kuna majirani huko chini.

Matokeo yasikae kwa mwenyekiti peke yake. Bandikeni ramani na hesabu mahali pa mkutano, kila mwanachama aone. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mradi wetu, nani hukosa maji kwanza? Kwa nini?
2. Chemchemi yetu ilipimwa lini mara ya mwisho?
3. Ni kijana gani tunaweza kumtuma akajifunze programu hizi?