Marimba ya Dodoma, gitaa la Brook: vidokezo vya kuisikiliza "Assembly"

Mpenzi wa muziki wa kielektroniki wa taratibu, ule wenye harufu ya jazi na magitaa yasiyo na haraka, akiomba ushauri huelekezwa Ulaya au Marekani. Huko kuna mengi mazuri. Lakini mojawapo ya albamu nzuri kabisa za aina hiyo ina sauti ya Mgogo. Inaitwa "Assembly", ilitolewa na lebo ya Real World mwaka 2002, na wenyewe ni wawili: Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa wa Dodoma, na Michael Brook, mpiga gitaa na mtayarishaji kutoka Kanada. Kama hujaisikia, au uliianza ukaiacha njiani, soma haya kwanza.

1. Itafute kwa majina yote mawili. Ukiandika "Assembly" peke yake mtandaoni utaletewa kila kitu isipokuwa Hukwe. Andika Zawose na Brook pamoja.

2. Usianzie hapo. Anza na "Chibite" ya mwaka 1996. Humo hamna mashine: ni sauti za watu, zeze na marimba, ile ambayo Wagogo wenyewe huiita ilimba. Isikilize mpaka uweze kuitambua sauti ya Hukwe hata ikitokea chumba cha pili. Huyu mzee alikuwa anaweza kuanzia chini kabisa kooni, akapanda bila kukatisha mpaka kwenye sauti nyembamba kama ya mtoto, kisha akaitetemesha hukohuko juu. Mwalimu Nyerere ndiye aliyemwita Dar es Salaam miaka ya 1960, na baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo tunakiita TaSUBa. Alipokutana na Brook alikuwa ameshapiga muziki nchi nyingi. Ukilijua hilo huwezi kuisikiliza "Assembly" kama kazi ya mzungu aliyeokota sauti kijijini. Ni mafundi wawili waliokaa meza moja.

3. Sikiliza mkwaruzo. Watu wengi wakisikia ilimba mara ya kwanza hudhani spika imepasuka. Haijapasuka. Tundu la sanduku la ilimba huzibwa kwa utando mweupe wa kiota cha mayai ya buibui, na kila ufunguo wa chuma unapobonyezwa kwa kidole gumba, utando ule hutetemeka na kuongeza mlio wake. Ilimba kubwa zina funguo nyingi ambazo mpigaji hazigusi kabisa. Kazi ya funguo hizo ni kuitikia zenyewe zile zilizoguswa. Kwa hiyo noti moja ya Hukwe ina tabaka tatu: chuma kinachogongwa, vyuma jirani vinavyoamka, na buibui anayekoroma juu yao. Wapiga roki walihangaika miaka mingi na vikuza sauti wakitafuta ukali wa namna hiyo. Wagogo walikuwa nao bila umeme.

4. Kisha sikiliza kisichokwisha. Hapa ndipo penye moyo wa albamu, na ningekuomba urudie hata mara tatu. Gitaa la kawaida likipigwa, sauti hufifia. Brook alibuni gitaa lake ambalo mtetemo wa uzi huchukuliwa, hukuzwa na kurudishwa kwenye uzi uleule kwa nguvu ya sumaku, hivyo noti inaendelea kwa kadiri anavyotaka. Mfano wake mmoja ulimfikia The Edge wa U2, na ndio unaosikika kwenye "With or Without You" ya mwaka 1987. Sasa weka chombo hicho kando ya ilimba. Noti ya ilimba huzaliwa kwa kishindo na kufa upesi, ndiyo maana mpigaji hurusha nyingi mfululizo. Noti ya Brook haina mwanzo unaoweza kuushika wala mwisho. Moja inatembea, nyingine imetanda juu yake. Brook hamfuati Hukwe kwa mdundo, anamwachia uwanja. Nilivyoisikiliza mimi, uamuzi huo wa kuacha nafasi ndio ulioiokoa albamu isiwe ngoma iliyobandikwa vinanda.

5. Acha kuisahihisha kwa sikio la kinanda. Baadhi ya noti utaona kama zimeteleza. Ngazi ya Wagogo ina sauti tano zinazotokana na zile ambazo uzi mmoja huzitoa wenyewe kwa maumbile. Noti ya saba katika mfululizo huo wa maumbile iko chini ya ile ya piano kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Shabiki wa jazi na bluzi atahisi yuko nyumbani hapo, maana noti za bluzi nazo hukaa pembenipembeni kwenye eneo hilohilo. Chunguza pia sauti mbili zinapoimba pamoja: mara nyingi huachana kwa nne au kwa tano, na ndiyo sababu kwaya ya Kigogo husikika pana hata ikiwa na watu wachache.

6. Zima sabufa. Besi ikizidi, utando wa buibui hupotea. Hedifoni za kawaida zinatosha. Ukipanda treni ya SGR kutoka Dar mchana, iwashe baada ya mahandaki ya Kilosa, nchi inapoanza kukauka na mibuyu kujitokeza.

7. Endelea na watoto wake. Hukwe alifariki Desemba 2003, muda mfupi baada ya albamu hii kutoka, lakini ukoo haukunyamaza. Mwanawe Msafiri Zawose alitoa "Uhamiaji" mwaka 2017 kupitia Soundway, akiwa na mtayarishaji Sam Jones, na humo kompyuta imeingia ndani zaidi kuliko kwa Brook. Halafu kuna "Maisha" ya mwaka 2024, ya Zawose Queens, yaani Pendo na Leah, binti na mjukuu wa Hukwe. Mmoja wa watayarishaji wake, Tom Excell, anatoka kwenye bendi ya jazi ya Nubiyan Twist ya Uingereza. Mimi nawapa nafasi ya kwanza Pendo na mwenzake. Kwa miaka mingi wanawake wa familia hii walisikika nyuma ya wanaume, na sasa wameshika usukani.

8. Nenda Chamwino. Pale Chamwino Ikulu, nje kidogo ya jiji la Dodoma, Dkt. Kedmon Mapana alianzisha tamasha la muziki wa Wagogo. Ukibahatika kukuta muheme, ngoma ya kinamama wa Kigogo, simama upande wa kinamama wenye ngoma. Wanaibana mapajani na kuipiga kwa viganja, na ngoma ikiinuliwa kutoka ardhini sauti hubadilika papo hapo. Hakuna spika inayoweza kukuletea badiliko hilo kama lilivyo.

9. Kwa wenye studio Dodoma. Vijana mnaotengeneza midundo Area D, Nkuhungu, Chang'ombe na kwingineko, hiki ni chenu. Mkimleta mzee mwenye ilimba, msimlazimishe afuate kinanda, fuateni nyinyi ngazi yake. Msiufute mkwaruzo mkidhani ni kelele. Maikrofoni moja iwe karibu na tundu la sanduku, nyingine hatua moja au mbili nyuma. Programu ya kunyoosha sauti izimwe kabisa. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, kubalianeni malipo na haki kwa maandishi, na jina lake liandikwe juu ya kazi pamoja na lenu, kama lilivyoandikwa jina la Hukwe kwenye "Assembly". Wazee wanaojua kuunda na kupiga ilimba bado wapo vijijini, Bahi ni mwendo wa kama saa moja tu kwa gari. Waendeeni mwaka huu.