Efinrin ya Wayoruba, Kivumbasi Chetu: Je, Majani Yanatosha Kuzuia Mbu?

Na Afisa Mawasiliano wa Halmashauri

Kila masika yanapokaribia, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita kaya kwa kaya hukutana na swali lile lile: je, kaya iliyopanda kivumbasi kuzunguka nyumba bado inahitaji chandarua? Swali hilo halitokani na ujinga. Bibi na babu zetu waliyafukiza majani hayo vyumbani jioni, na waliyafukiza kwa sababu waliona matokeo. Katika toleo hili tunalijibu kwa kuzunguka kidogo, hadi Afrika Magharibi kwa Wayoruba, ambako mmea huo huo umetumiwa, umeandikiwa na umepimwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wayoruba wanaishi hasa kusini-magharibi mwa Nijeria, katika miji kama Ibadan, Abeokuta, Oyo na Ile-Ife, na wengine wako nchi jirani ya Benin. Mmea tunaouzungumzia wao huuita efinrin. Waigbo, majirani zao wa mashariki, huuita nchanwu, na Wahausa wa kaskazini huuita daidoya. Jina lake la kitaalamu ni Ocimum gratissimum, alilopewa na Linnaeus mwaka 1753. Neno hilo la pili ni la Kilatini na maana yake ni “wenye kupendeza mno”. Zamani wataalamu waliutenga ule wa Afrika Magharibi kwa jina la Ocimum viride, na huu wa kwetu kwa jina la Ocimum suave. Siku hizi wote huhesabiwa kuwa spishi moja. Kwa hiyo mwananchi anayechuma kivumbasi nyuma ya jiko na mama wa Ibadan anayechuma efinrin uani kwake wanashika jani la aina moja. Mrihani unaotiwa katika vikuba vya harusi ni ndugu yake wa karibu.

Kwa Wayoruba efinrin ni mboga kabla ya kuwa dawa. Majani hukatwa na kutiwa katika mchuzi wa pilipili wa nyama au samaki, na ladha yake ni kali kidogo, yenye kuchangamsha ulimi. Tumbo linapouma au kuhara kunapoanza, majani mabichi huoshwa, hufikichwa kwa mikono hadi yatoe maji ya kijani, huongezwa chumvi kidogo, na mgonjwa hunywa. Mwenye mafua hunusa majani yaliyopondwa. Aliyeumwa na wadudu hupakwa utomvu wake mahali palipovimba. Kuhusu mbu, matumizi ni ya namna tatu, na msomaji azitenganishe vizuri kwa kuwa hoja yote ya makala haya imesimama hapo: wapo wanaoupanda mmea karibu na mlango na madirisha, wapo wanaoyafikicha majani na kujipaka mwilini, na wapo wanaoyaweka juu ya makaa ili yatoe moshi ndani ya nyumba.

Elimu hii ina wenyewe. Mganga wa mitishamba, onisegun, na mtabiri wa Ifa, babalawo, hujifunza majani kwa miaka mingi chini ya mwalimu. Katika imani ya asili ya Kiyoruba, majani yote ni milki ya Osanyin, ambaye husimuliwa kuwa na jicho moja na mguu mmoja. Kuna kisa kinachosimuliwa hadi Brazil, kilikopelekwa na Wayoruba waliouzwa utumwani: Oya, mwenye upepo, alivuma hata majani ya Osanyin yakatawanyika, na kila mwenye nguvu akajiokotea yake, lakini Osanyin alibaki na maneno ya kuyaamsha, na majani bila maneno hayakufaa kitu. Mfaransa Pierre Verger, mpigapicha aliyehamia Bahia na kuingizwa katika uganga wa Ifa mwaka 1953, alikusanya mamia ya maagizo ya dawa za Kiyoruba na kuyachapisha katika kitabu Ewé mwaka 1995, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Alionyesha kuwa jina la jani, kitendo kinachotarajiwa na maneno yanayotamkwa hufungamana kwa sauti, kiasi kwamba mwanafunzi akishika maneno ameshika pia orodha ya majani. Kwa watu wasioandika maarifa yao vitabuni, huo ulikuwa mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu, tena mfumo wa kuaminika.

Wageni walipoupokea mmea huu hawakupokea mfumo huo. Walichukua kipande.

Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alionyesha kuwa vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1903, habari zilifika London kutoka Kaskazini mwa Nijeria kwamba ofisa mmoja wa utawala wa Kiingereza alikuwa ameweka vyungu vya mmea huo kwenye veranda yake na mbu wakapungua. Gazeti la The Times likaichapisha habari hiyo, na wataalamu wa Bustani ya Mimea ya Kew wakautambua kuwa Ocimum viride. Ukaanza kuitwa “mmea wa mbu”. Kwa serikali za kikoloni zilizokuwa zikizika maofisa wake kwa homa, hili lilikuwa jambo la kufurahisha: ulinzi wa bei ya chungu na udongo.

Vipimo vilifanyika Sierra Leone, na havikuunga mkono shangwe hiyo. Mmea uliopandwa haukuwafukuza mbu kwa kiasi cha maana. Mbu waliowekwa karibu kabisa na majani mabichi hawakudhurika. Moshi wa majani yaliyochomwa ndio uliowalevya na hatimaye kuwaua, ila ulipaswa kuwa mzito kiasi ambacho binadamu asingeweza kuuvumilia. Hitimisho lilikuwa kwamba mmea huu usichukuliwe kuwa badala ya chandarua. Tangu wakati huo mmea ulipoteza sifa Ulaya, na kwa wengine ukawa mfano wa imani za Waafrika zisizo na msingi.

Kwa maoni ya mwandishi, hukumu hiyo ilikuwa sahihi nusu. Ilisema kweli kuhusu chungu cha veranda, lakini jani likiwa zima limetulia kwenye shina halifanyi kazi ya jani lililofikichwa au lililopashwa moto. Sababu iko ndani ya jani lenyewe. Mafuta yenye harufu huhifadhiwa katika vijifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Vijifuko hivyo visipopasuka, harufu hutoka kidogo sana. Vikipasuliwa kwa vidole au kwa joto, hutoka kwa wingi. Mimea mingi ya Nijeria ina thaimoli kwa wingi, kemikali inayotiwa katika baadhi ya dawa za kusukutulia mdomo. Mimea mingi ya Afrika Mashariki ina yujenoli, ambayo ndiyo inayoipa karafuu harufu yake. Ndiyo maana kivumbasi chetu kikifikichwa mtu huhisi kana kwamba amepita karibu na jamvi la karafuu linaloanikwa Pemba. Zote mbili huwasumbua wadudu, na zote mbili hupunguza nguvu ya bakteria. Mwaka 1969 mtaalamu wa famasia wa Nijeria, Abayomi Sofowora, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu ufanisi wa efinrin katika tiba za kienyeji, na tangu hapo wanasayansi wa Nijeria wameendelea kuchunguza mafuta yake. Mama anayempa mtoto maji ya efinrin tumbo linapouma hakuwa anabahatisha. Hata hivyo, mtoto anayeharisha anahitaji kwanza maji ya chumvichumvi maalumu yanayotolewa zahanati, kwa kuwa kinachoua katika kuhara ni upungufu wa maji.

Turudi kwa mbu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya walipima mimea ya jamii ya kivumbasi dhidi ya Anopheles gambiae, mbu mkuu wa malaria barani Afrika, katika vibanda vya majaribio. Mimea hai katika vyungu ilipunguza kuumwa kwa takriban theluthi moja. Majani yaliyopashwa juu ya makaa bila kuachwa yashike moto yalifanya vizuri zaidi kuliko yaliyochomwa. Kwa hiyo wazee walioweka majani mabichi juu ya makaa yaliyofifia, wakasubiri yatoe mvuke na moshi mwembamba, walikuwa na ustadi ambao kipimo cha Sierra Leone hakikuuona.

Lakini tuifikirie theluthi moja hiyo kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo uhai wa mtu ulipo. Mbu watatu wakitaka kumuuma mtoto usiku, mmoja anageuka na wawili wanauma. Mbu mmoja mwenye vimelea anatosha kumwambukiza. Zaidi ya hayo, Anopheles gambiae huuma zaidi usiku wa manane, wakati makaa yamezima, majani yamekauka na mafuta yaliyopakwa mwilini yamekwisha kuruka hewani. Chandarua chenye dawa hakilali. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika miaka ya 1980 na 1990 nchini Gambia, Ghana, Kenya na Burkina Faso yalionyesha kuwa vyandarua hivyo hupunguza vifo vya watoto wadogo, vya sababu zote, kwa takriban asilimia 17. Hakuna mmea wowote uliowahi kuonyesha hivyo. Nijeria yenyewe, nchi ya efinrin, hubeba takriban robo ya wagonjwa wote wa malaria duniani.

Upo pia upande wa kunywa. Katika mitaa ya Lagos wanawake hupita na chupa za agbo, dawa ya majani na mizizi iliyochemshwa au kulowekwa, na ile ya homa huitwa agbo iba. Efinrin ni mojawapo ya majani yanayoweza kutiwa humo. Baadhi ya agbo hulowekwa katika pombe kali ya kienyeji, na kipimo hutegemea ukubwa wa kikombe cha muuzaji. Tatizo kubwa, hata hivyo, ni muda. Malaria kwa mtoto mdogo inaweza kugeuka kuwa kali ndani ya saa chache, na siku moja au mbili za kungoja kama majani yatafanya kazi ni siku ambazo mtoto huyo huenda hana.

Kivumbasi kisichimbuliwe. Kipandwe, kitiwe katika mboga, na jioni, watu wanapokaa nje wakizungumza, majani yake yapashwe juu ya makaa barazani. Ndani ya nyumba moshi uepukwe, hasa penye mtoto mchanga au mwenye pumu, kwa sababu mapafu hayatofautishi moshi wa dawa na moshi wa kuni. Majani mapya yajaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo ya mkono kabla ya kujipaka mwili mzima, na mafuta yaliyokamuliwa yasipakwe watoto wadogo wala yasikaribie macho. Wakati wa kulala, kila mmoja aingie ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

Mama mjamzito hupewa chandarua chenye dawa bila malipo anapohudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, na mtoto hupewa chake anapopata chanjo ya surua akiwa na miezi 9. Asiyepewa aulize hapo hapo kwa mganga mfawidhi. Mwenye homa afike zahanati siku hiyo hiyo apimwe kwa kipimo cha haraka. Tone moja la damu ya kidole linatosha, na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Ikithibitika kuwa ni malaria, dawa mseto imezwe hadi dozi iishe, hata kama homa imeshuka siku ya pili. Mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa ya majani amwambie mhudumu bila woga, ataje jani gani na kiasi gani, kwa kuwa taarifa hiyo husaidia katika kuchagua tiba. Waganga wa tiba asili wanaotaka kusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 wafike kwa Mratibu wa Tiba Asili, ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, saa za kazi.