Ugonjwa wa Rubela

Yako magonjwa ambayo watu huyaogopa mara wayaonapo, na yako mengine ambayo huja kwa upole, hata watu huyadharau. Rubela ni mmojawapo wa magonjwa haya ya upole. Wengine huuita surua ya Kijerumani, lakini si surua. Ni ugonjwa mbali.

Mtoto aliyeambukizwa hukaa majuma mawili au matatu bila kuona kitu. Kisha hupata homa kidogo, na matezi ya shingo na ya nyuma ya masikio huvimba. Vipele vidogo hutokea usoni, halafu huenea mwilini. Juu ya ngozi nyeusi wekundu wake hauonekani upesi. Baada ya siku tatu hivi vipele hutoweka, na mtoto hurudi kucheza. Tena wako wengi waambukizwao wasione dalili yo yote.

Ugonjwa huu huletwa na virusi, navyo hutoka kwa mgonjwa akohoapo au apigapo chafya. Mgonjwa aweza kuwaambukiza wenzake tangu siku saba kabla ya vipele kutokea, hata siku saba baadaye. Basi huwaambukiza watu naye mwenyewe hajui kwamba ni mgonjwa.

Je, ikiwa ugonjwa ni mwepesi hivi, kwa nini watu hujitahidi kuuzuia? Jibu lilipatikana katika mji wa Sydney, Australia, mwaka 1941. Daktari mmoja wa macho, jina lake Norman Gregg, aliletewa watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho, yaani mboni zao zilikuwa na weupe, wala hawakuweza kuona vema. Wengi wao walikuwa na kasoro ya moyo pia. Gregg alistaajabu, kwa kuwa ugonjwa huo huwapata wazee zaidi. Akachunguza habari za mama zao, akaona kwamba karibu wote walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Madaktari wengine hawakumsadiki upesi, lakini baadaye ilithibitika kwamba alisema kweli. Ikajulikana pia kwamba watoto wengine huzaliwa viziwi.

Sababu yake ni hii. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, macho, masikio na moyo wa mtoto huwa vinaumbwa. Virusi vikiingia katika damu ya mama, huweza kumfikia mtoto na kuiharibu kazi hiyo. Mama hupona baada ya siku chache, lakini mtoto huenda akabaki na madhara hayo maisha yake yote, au akafa kabla ya kuzaliwa.

Hakuna dawa ya kuviua virusi hivi, bali iko kinga. Chanjo ya rubela ilianza kutumiwa mwaka 1969. Tanzania ilianza kuwachanja watoto mwaka 2014, na Kenya mwaka 2016. Chanjo hiyo imechanganywa na ya surua, na mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mwanamke mwenye mimba hapewi chanjo hii. Yafaa aipate kabla hajachukua mimba.

Wavulana nao huchanjwa, ingawa hawatachukua mimba kamwe. Maana mvulana mgonjwa aweza kuupeleka ugonjwa nyumbani kwa mama yake, au kwa jirani aliye mja mzito. Mtoto aliyechanjwa hujikinga mwenyewe, tena humkinga mtoto mwingine ambaye bado hajazaliwa. Na mgonjwa wa vipele akae nyumbani, asiende shuleni, wala asiwakaribie wanawake wenye mimba. Wazee walisema: Mdharau mwiba mguu huota tende.

MASWALI

1. Taja dalili tatu za rubela.
2. Gregg aliona nini, na alijuaje sababu yake?
3. Kwa nini wavulana nao huchanjwa?